Chai Ilikotoka, na Mahali Pake Nyumbani

  Leo tuzungumze juu ya kitu ambacho huenda unacho mkononi sasa hivi: kikombe cha chai.

Wengi wetu hudhani chai imekuwapo tangu enzi za mababu. Sivyo. Chai ilitoka Uchina, ambako majani yake yalitumiwa kama dawa kabla hayajawa kinywaji cha kila siku. Hapa Kenya ilipandwa kwanza Limuru mwaka wa 1903, kwa miche iliyotoka India. Katika miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza yalianzisha mashamba makubwa. Mwafrika aliajiriwa kuchuma, lakini hakupewa ruhusa ya kupanda chai yake mwenyewe hadi miaka ya 1950. Mwaka wa 1964 likaundwa shirika la KTDA, na leo wakulima wadogo ndio wanaokuza zaidi ya nusu ya chai yetu. Ile desturi ya kuipika na maziwa, sukari na tangawizi nayo ina mizizi ya Kihindi.

Kwa hiyo, mama, chai ni mgeni. Lakini mgeni huyu amekaribishwa sana hata katika nyumba nyingi amekalia kiti cha uji. Hapo ndipo pana shida.

Kwanza tumpe haki yake. Chai nyeusi, chai ya kijani na ile ya zambarau, ambayo wataalamu wetu wa Kericho waliitoa kwa wakulima mwaka wa 2011, zote ni majani ya jamii moja ya mmea. Tofauti ya nyeusi na ya kijani ni namna yanavyotayarishwa. Ya zambarau ina rangi yake tangu shambani. Zote zina viini vinavyosaidia kuulinda mwili, na utafiti umeonyesha kuwa wanywaji wa chai huwa na nafuu kidogo katika magonjwa ya moyo. Chai ya tangawizi hutuliza kichefuchefu. Mchaichai uliochemshwa peke yake hauna kafeini, kwa hiyo haukunyimi usingizi. Lakini hakuna hata moja inayotibu malaria wala kisukari.

Sasa sikiliza kwa makini. Chai ina tanini, ambayo huzuia mwili kuchukua madini ya chuma, hasa yale yaliyomo katika maharagwe, ndengu na mboga za majani. Bila madini hayo damu hupungua. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu yumo hatarini akivuja damu wakati wa kujifungua, na mtoto mwenye upungufu huo hudhoofika na kuchelewa kujifunza.

Basi fanya hivi:

Kunywa chai saa moja au zaidi kabla ya chakula au baada yake, si pamoja nacho.

Vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki, vimeze kwa maji, kamwe si kwa chai.

Ukiwa mjamzito, punguza: vikombe viwili kwa siku vinatosha.

Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama pekee. Baada ya hapo mpe uji uliotiwa maziwa au njugu zilizosagwa vizuri, si chai na mkate. Chai humjaza tumbo bila kumlisha.

Punguza sukari, na uache chai ipoe kidogo. Mwaka wa 2016 wataalamu wa saratani walitangaza kuwa vinywaji vya moto sana huenda vikasababisha saratani ya koo la chakula.

Mama, sikuambii umfukuze mgeni. Mpe kiti chake, na uji urudi kwenye kiti chake. Ukiona mtoto ana viganja vyeupe au anachoka upesi, mpeleke kliniki iliyo karibu apimwe damu.

Hadi kipindi kijacho, kaeni na afya njema.