Nyuklia, mvua na kiwanda cha chai

1/ Nyuklia ikitajwa tu, watu wanagawanyika: hawa "tutalipuka", wale "tumebaki nyuma". Mimi nasoma sayansi ya siasa, na nimelelewa Bomet kwa pesa ya majani chai. Swali ninaloona tunaliruka ni hili: mtambo mmoja ukizima, nani anaziba pengo?

2/ Tulishapitia hii. Kwa miaka mingi Kenya iliegemea mabwawa ya Mto Tana. Ukaja ukame wa 1999–2000, maji yakapungua, tukaingia mgao wa stima.

3/ Hata huku kwetu. Mto Sondu unateremsha maji ya Mau kupitia nchi ya chai hadi mtambo wa Sondu Miriu, megawati 60. Hauna bwawa kubwa la akiba. Mto ukishuka, stima inashuka.

4/ Na majani yakishachumwa hayangoji. Kukausha ni moto wa kuni, sawa, lakini feni za kunyausha na mashine za kusaga zinataka stima. Ikipotea, jenereta inawashwa. Kiwanda cha wakulima wadogo ni mali yao, kwa hivyo hiyo dizeli inakula bonasi yao.

5/ Tulipumua kwa kuongeza vyanzo. Olkaria ilianza 1981 na mtambo wa megawati 15. Leo jotoardhi inatoa takriban asilimia 40 ya umeme wetu. Kukaongezwa upepo wa Turkana, jua, na stima ya Ethiopia tangu 2022. Kidole kimoja hakivunji chawa.

6/ Nyuklia je? Kamati iliundwa 2010, na lengo ni megawati 1,000 kufikia 2034. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, walipinga 2024. Sasa inatajwa Siaya. Faida yake ni kweli: haingoji mvua wala upepo.

7/ Lakini piga hesabu. Mwaka 2025, matumizi ya juu kabisa ya nchi yalivuka kidogo megawati 2,400. Mtambo mmoja wa 1,000 ni zaidi ya asilimia 40 ya hapo, na lazima uzimwe mara kwa mara kubadilishiwa mafuta. Koeberg ya Afrika Kusini, iliyoanza 1984, iko kwenye gridi ya makumi ya maelfu ya megawati. Ikizima, pengo ni dogo.

8/ Mimi sipingi nyuklia. Iwe kidole kimoja, isiwe mkono mzima. Kwa hivyo anayekuja Kericho au Bomet kuomba kura akiitaja, muulizeni: matumizi yatakuwa yamefika wapi kufikia 2034, akiba itatoka wapi, na deni litaingia kwa bili ya nani?