Neno la wiki: Taruma

Taruma (wingi: mataruma) ni mti wa mbavuni mwa chombo cha majini, unaoshikilia mbao. Katika reli, taruma ni mhimili unaolazwa kukingama chini ya vyuma vya njia ili visiachane.

Kwenye reli ya kisasa iliyofika Makutupora, wilayani Manyoni, mkoani Singida, mataruma ni ya zege lililomwagwa kiwandani. Kwanza nyaya za chuma huvutwa kwa nguvu ndani ya kalibu, kisha zege humwagwa na kushindiliwa. Likishakomaa, nyaya huachiwa. Zikitaka kujirudi, hulibana zege lisipasuke kwa uzito wa treni. Taruma hufika njiani likiwa kamili, tayari kufungwa vibanio vinavyotunza upana wa milimita 1,435 kati ya vyuma.