Mhalifu au Mgonjwa?

Katika mitaa yetu, kijana akitekwa na pombe kali au na dawa za kulevya, hukumu hutolewa upesi: huyu ameharibika, aachwe. Sisi tuliokaa na vijana miaka mingi tumeyasikia maneno hayo mara nyingi, na pengine tumeyasema wenyewe. Kwa hiyo twaona vema kuwasimulia habari ya madaktari wachache wa Marekani waliothubutu kuuliza swali jingine.

Mwaka 1914, Marekani ilitunga sheria ya kudhibiti afyuni na dawa zitokanazo nayo. Sheria hiyo ilifasiriwa kwa ukali, hata madaktari waliowaandikia waraibu dawa walishtakiwa. Basi mtu aliyetawaliwa na heroini aliondolewa mikononi mwa daktari, akatiwa mikononi mwa polisi.

Mwaka 1935 serikali ilifungua huko Lexington, katika jimbo la Kentucky, nyumba kubwa iliyokuwa hospitali na gereza kwa pamoja. Waliowekwa humo walilima, walifuga, waliachishwa dawa. Lakini walipotoka, walio wengi waliirudia. Tena palikuwa na kituo cha utafiti, ambamo wafungwa walijaribiwa dawa, na malipo yao yaliweza kuwa dawa zile zile zilizowafunga. Mwaka 1975 jambo hilo lilijadiliwa mbele ya Baraza la Seneti. Mwenye kiu akiahidiwa maji, je, ridhaa yake ni ridhaa?

Daktari Marie Nyswander alifanya kazi Lexington katika ujana wake. Aliyoyaona humo hayakumwacha. Mwaka 1956 alitoa kitabu akitetea kwamba mraibu ni mgonjwa, naye astahili kutibiwa kama wagonjwa wengine. Kitabu hicho kilisomwa na Vincent Dole, mtafiti wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, aliyekuwa amebobea katika namna mwili unavyotumia chakula. Mwaka 1964 wakaanza kazi pamoja, wakisaidiwa na daktari kijana, Mary Jeanne Kreek.

Kwanza waliwapa wagonjwa mofini. Haikufaa: kipimo kilizidi kupanda, na wagonjwa walikaa kutwa wakingojea sindano ifuatayo. Kisha wakajaribu methadoni, dawa iliyotengenezwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili. Hiyo hunywewa, na nguvu yake hudumu kama siku nzima. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, haimlevyi mgonjwa aliyeizoea, bali hutuliza ile tamaa inayomrudisha kwenye heroini. Ndipo wale waliokuwa wakizungumza juu ya dawa tu walipoanza kuzungumza juu ya masomo, kazi na jamaa zao. Mwaka 1965 Dole na Nyswander walitangaza matokeo ya wagonjwa 22 wa kwanza.

Wapinzani hawakukosekana. Walisema kwamba minyororo imebadilishwa tu, haikukatwa. Neno hilo si la kudharau, maana methadoni nayo ni dawa ya jamii ya afyuni. Ikitumiwa ovyo yaweza kuua, na wengi huihitaji kwa miaka. Dole alijibu kwamba ugonjwa huu umebadilisha mwili wenyewe, kama kisukari kinavyoubadilisha, wala hakuna anayemwaibisha mgonjwa wa kisukari kwa kuhitaji dawa yake kila siku.

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni katika orodha ya dawa za lazima. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwatibu kwayo waraibu wa heroini. Swali lililoulizwa New York lilikuwa limevuka bahari.

Methadoni haiponyi kila uraibu. Haitibu ulevi wa pombe wala wa bangi. Lakini njia ya wale madaktari yatufaa hata sisi tusio na hospitali: walimtazama mtu kabla ya kosa lake, wakamsikiliza, wakapima maneno yao kwa matokeo. Huruma yao haikukataa ukweli, na elimu yao haikumsahau mtu.

Vijana wapendwa, tujadiliane katika vikundi vyetu:

1. Ni nani katika mtaa wetu tuliyekwisha kumhukumu bila kumsikiliza?
2. Tutampelekaje kwa muuguzi au daktari pasipo kumwaibisha?
3. Akirudi nyuma mara ya pili na ya tatu, je, mlango wetu utabaki wazi?