Antena isiyo na ncha

Leo naweka programu kando kidogo tuongee historia ya redio. Kuna kisa kimoja ambacho nadhani kila anayetengeneza mitambo anafaa kukijua.

Siku ya Krismasi mwaka 1931, stesheni ya kimishenari ya HCJB ilianza kutangaza kutoka Quito, Ecuador. Mji huo uko kwenye milima ya Andes, mita 2,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Linganisha na Nairobi yetu, mita 1,700 hivi. Mtambo wa kwanza ulikuwa wa wati 200 tu. Kufikia miaka ya 1940 walikuwa na wa kilowati 10, wakirusha masafa mafupi kwa antena ya fito. Hapo ndipo balaa ilipoanza. Ncha za fito zilitoa cheche hadi zikawa zinayeyuka! Antena ilikuwa inajila yenyewe, na bila antena stesheni ni bubu.

Kwa nini? Kwenye fito ya antena, mkondo wa umeme huwa mkubwa katikati, lakini volteji huwa kubwa zaidi kwenye ncha. Na kwa vile ncha ni nyembamba, nguvu yote hubanana mahali padogo. Usawa wa bahari, hewa huhimili kama volti 3,000 kwa kila milimita. Kule mlimani hewa ni nyepesi, kwa hivyo hushindwa mapema na umeme huvuja ukimetameta. Mafundi huita hali hii korona (si ile ya virusi!).

Injinia wao, Clarence Moore, alijaribu kwanza kuvisha ncha mipira ya shaba, maana umbo la mviringo hutawanya umeme. Ilisaidia, lakini haikutosha.

Mwaka 1942 akabadilisha swali. Badala ya kuuliza ncha ilindwe vipi, akauliza: kwani lazima iwepo? Akachukua waya wenye urefu wa wimbi zima, akaukunja mraba, mwisho ukakutana na mwanzo. Kwa mawimbi ya mita 25, kila upande ni kama mita 6. Nyuma yake akaweka mraba wa pili wa kurudisha mawimbi mbele. Volteji bado inapanda sehemu fulani za waya, lakini si kwa kiasi kile, na hakuna ncha ya kuvujia. Cheche zikakoma. Mwaka 1951 Moore alipewa hataza ya uvumbuzi huo Marekani, na watu wa redio ya ridhaa wanaitumia hadi leo.

Angalizo: mraba huu hauzuii radi. Ukiujenga, waya wa kwenda ardhini ni lazima.

Sisi wa programu tunapenda kubandika kiraka juu ya kiraka pale panapovunjika. Moore alipaondoa kabisa.