Waswezi wa Unyamwezi: Ngoma, Maigizo na Mizimu

Buswezi ni chama cha mizimu na ngoma cha Wanyamwezi, Wasukuma na Wasumbwa wa magharibi mwa Tanzania. Jina lake linahusishwa na Wachwezi, watawala wa simulizi za Bunyoro-Kitara katika Uganda ya leo. Mzimu wake mkuu ni Lyangombe, ambaye Wanyarwanda humwita Ryangombe, mwindaji aliyeuawa na nyati.

Msingi wa chama ni imani ya masamva, yaani wahenga wa ukoo. Masamva hulinda kizazi chao, lakini wakisahauliwa huleta maradhi, ugumba au hasara ya mifugo. Mtu akiugua bila kupona, ndugu zake humwendea mfumu, yaani mganga, ambaye humpasua kuku na kusoma alama za ndani yake. Huenda alama zikaonyesha kwamba babu au bibi wa mgonjwa alikuwa Mswezi, yaani mwanachama wa Buswezi, na sasa anadai mrithi. Sadaka ya unga wa mtama uliokorogwa kwa maji huwa haitoshi tena; mgonjwa lazima aingizwe chamani.

Mwali, yaani anayeingizwa, hupelekwa porini, akafundishwa maneno ya siri na kupewa jina jipya. Wanaume kwa wanawake huvaa shanga na simbi, hushika manyanga, na ngoma hupigwa hadi mzimu unapompanda mchezaji. Hapo hubadilika sauti na mwendo, naye huongea na kutendewa kama mzimu mwenyewe. Kwa hiyo tiba, ibada na maigizo hufanyika mahali pamoja, na watazamaji huitikia nyimbo kama sehemu ya tiba.

Mchanganyiko huu wa mavazi ya maonyesho na uganga ulionekana pia katika njia ya misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, wapagazi wa Kinyamwezi walikwisha kuizoea njia hiyo. Mbele alitangulia kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, aliyevaa kitambaa chekundu na ngozi ya mbega, huku mganga akiwa ameandaa dawa ya safari.

Wamisionari waliiona Buswezi kuwa ushirikina, na mwaka 1963 serikali ilifuta utemi, yaani utawala wa machifu, uliokuwa mhimili wa matambiko ya nchi. Ngoma zenyewe ziliendelea, nyingine zikahamia kwenye mashindano na sherehe.

Kusini mwa Thailand kuna mfano wa karibu: nora, tamthilia ya ngoma yenye ibada ambamo mizimu ya walimu wa kale huwapanda watu. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu, pamoja na ibada yake. Waswezi nao wanastahili kusomwa hivyo. Kuihesabu ngoma yao kuwa burudani tu ni kumwacha nje mgonjwa, ambaye kwa ajili yake ilipigwa.