Ugogo: Nchi ya Kupitia, Nchi ya Kukaa

Kwa mtu wa pwani wa karne ya 19, Ugogo haikuwa nchi ya kwendea. Ilikuwa nchi ya kupitia. Aliyetoka Bagamoyo akiielekea Tabora na Ujiji alipumzika Mpwapwa, akajaza vibuyu, kisha akaingia Marenga Mkali, nyika isiyokuwa na maji ya kutegemewa. Alipotoka upande wa pili aliwakuta watemi wa Wagogo wakimngoja. Richard Burton na John Speke walipita hapo mwaka 1857, Henry Stanley mwaka 1871, na wageni hao walilalamika kwa wino mwingi juu ya hongo. Neno hilo leo limeharibika, halisikiki ila kwa maana ya rushwa. Wakati ule lilikuwa ushuru wa wazi, uliopatanwa mchana kweupe kwa nguo, waya na shanga. Kuuita unyang'anyi ni kusahau kwamba katika nchi ile kavu visima vilikuwa na wenyewe, na msafara wa mamia ya watu haukuvichimba.

Mapatano yakichukua siku tatu, msafara ulikaa siku tatu. Mpagazi aliyebeba ratili 60 na zaidi aliteremsha mzigo, na usiku kambi iliamka kwa ngoma na nyimbo. Hapo Mnyamwezi, mwungwana wa Mrima na Mgogo walisikilizana, kwa maana zote mbili za neno. Burton alitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Tabora. Sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda katika kungoja, na kungoja ndiko kulikozaa mazungumzo.

Reli ilikuja kuufupisha muda huo. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Dodoma, ambayo jina lake husimuliwa kuwa latokana na tembo aliyedidimia matopeni, ikawa mji kwa sababu ya garimoshi. Baadaye ikakutana hapo na barabara kuu iliyotoka kusini kupitia Iringa na kwenda Kondoa na Arusha, na mnamo miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways zilitua katika safari zao za kwenda Cape Town. Mapumziko ya hotelini na ya kiwanja cha ndege hayakuwa ya Mwafrika. Yeye alikuwa na daraja la tatu, mkeka na kapu lake.

Hata hivyo daraja la tatu lilirithi kitu cha msafara. Garimoshi liliposimama Gulwe au Saranda, dirisha liligeuka duka: kuku, mayai, karanga, maji ya kunawa. Abiria aliyepanda Dar es Salaam hamjui mtu alishuka Tabora ana mashemeji. Si kwamba safari hiyo ilikuwa ya raha tu. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu, garimoshi la abiria lilishindwa na mlima, likarudi nyuma kwa kasi, likagongana na la mizigo. Watu 281 walikufa. Mwishoni mwa 2009 mafuriko yakaivunja njia kati ya Kilosa na Gulwe. Mwenye kuwalilia vituo vya zamani hana budi kuwalilia na hao.

Mabasi yalikuwa yamekwisha kuwachukua wengi. Lami ilipofika Dodoma kutoka Morogoro, safari ikawa ya siku moja, na burudani ikahama kutoka dirishani hadi kwenye televisheni iliyoning'inia juu ya dereva: filamu za nyumbani na nyimbo za dansi, zikitazamwa na watu wasiotazamana. Masimulizi yalibaki kidogo pale basi lilipopumzika kwa chakula, au liliposimama porini ili abiria "wachimbe dawa", tafsida ambayo mshairi yeyote angeionea fahari. Marekani nako barabara pana zilizoidhinishwa kwa sheria ya mwaka 1956 ziliipita kando Route 66, na miji iliyoishi kwa kulaza na kulisha wasafiri ikafifia. Reli ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, huenda ikavifanyia hivyo hivyo vituo vidogo vya nyanda za kati. Msafiri sasa hutoka Dar es Salaam na kushuka Dodoma kabla ya kutimia saa nne, na dirisha lake halifunguki.

Lakini mwendo wa pwani na bara haukuwa wa upande mmoja. Hukwe Zawose, Mgogo mwenye zeze na marimba, aliteremkia pwani na kuufundisha muziki wake Bagamoyo, palepale misafara ilipokuwa ikianzia, na kutoka huko akaufikisha Ulaya. Alifariki Desemba 2003. Tangu mwaka 2009 Chamwino, mashariki ya Dodoma, imekuwa na tamasha la muziki wa Kigogo. Vikundi hutoka vijiji vingi, na wanawake hupiga muheme ngoma zikiwa zimebanwa mapajani. Wageni hutoka mbali kuwasikiliza, nao hawakuja Ugogo kwa kuwa iko njiani.