Kilwa, kopi moja na diski iliyojaa

Wadau, kompyuta yangu imejaa, na mchawi ni folda moja ya picha za Kilwa Kisiwani: Gereza, Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, kila pembe. Jana usiku nilianza kuzihamishia kwenye diski ya nje. Katikati umeme ukakatika. Bahati yangu nilikuwa nakopi, sijakata, kwa hiyo za mwanzo zilibaki salama.

Pale gizani nikakumbuka kuwa historia ya Kilwa yenyewe ilipona hivyo hivyo. Iliandikwa kwa Kiarabu karne ya 16, baada ya Wareno kuuvamia mji mwaka 1505. Andiko la mkono wa mwandishi halipo. Kuna simulizi ya Kireno aliyoichapisha João de Barros mwaka 1552, na kuna nakala ya Kiarabu iliyoandikwa Zanzibar mwaka 1877, ikafika kwa balozi wa Uingereza, John Kirk. Hiyo leo iko British Library, London, maelfu ya kilomita kutoka Lindi. Na hizo mbili zinapishana!

Kinachoniuma zaidi: mwandishi aliahidi sura 10, nakala ya London inaishia ya 7. Yaani faili limegoma kwenye asilimia 70. Hata hivyo, bila mnakili yule wa 1877 tungebaki na maneno ya Mreno peke yake.

Umeme uliporudi nilikopi upya, nikafungua picha moja moja. Zote zimefunguka. Za kwenye kompyuta sijazifuta bado, na nafasi ni ile ile.